Gemu ina maksi 90 ikanishinda, muvi imepondwa nikaipenda: tatizo ni mimi?

"Kaka habari za kazi. Mi niko Dodoma, shabiki wa gemu toka enzi za PS2, sasa hivi nina PS4 ya mtumba. Mwaka jana nilijichanga miezi mitatu nikanunua gemu moja kubwa sababu kila mtu aliipa maksi za juu, 90 kwenda mbele. Nimecheza masaa manne nikachoka, tena ilikuwa inakwamakwama, mpaka leo CD iko kwenye kava lake. Alafu nikampeleka mtoto wa dada, ana miaka 9, tukaangalia muvi ya Minecraft, tulicheka mpaka machozi. Narudi nyumbani nasoma wachambuzi wameiponda, zaidi ya nusu wanasema mbovu, nikaona hata aibu kusema niliipenda. Sasa nina chaneli yangu ndogo nataka nianze kuchambua gemu mpya na muvi zinazotokana na gemu, ila najiuliza, kama hata nzuri na mbaya sijui kuzitofautisha nitaongea nini? Gemu mpya unaipimaje kabla hujatoa hela? Na muvi ya gemu unaangalia imefanana na gemu au unaichukulia kama muvi nyingine tu? Na huyu mtoto sasa ananisumbua nimnunulie gemu ya vita aliyoiona kwenye vidio."

Mdogo wangu, kwanza pole na hiyo hela, miezi mitatu ya kujichanga sio mchezo. Nimesoma swali lako mara mbili, umeuliza vitu vitatu kwa mpigo ila chini yake kuna kimoja ndo kinachokuuma, unahisi wenzako wamezaliwa wanajua kizuri na kibaya alafu we umerukwa. Hamna kitu kama hicho. Kilichokutokea ni kwamba ulisoma jibu la mtu mwingine, aliyecheza kwenye mashine nyingine, anayependa gemu za aina nyingine, ukalifanya lako. Watu wengi sana wanapigwa hapo, na mimi nilishapigwa.

Tuanze na namba maana ndo zilizokula hela yako. Ile asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wachambuzi, watu wanaisoma kama maksi za mtihani, wakiona 48 wanasema imefeli, kumbe pale hakuna aliyesahihisha mtihani, wanahesabu vichwa. Chukua watu kumi wanatoka kibanda umiza, we umesimama mlangoni unawauliza, imekaa poa au haijakaa poa? Kumi wote wakikujibu "poa tu, imepitisha muda" hiyo ni 100, ingawa hakuna hata mmoja aliyetoka pale anaruka. Muvi nyingine ikatoka, watano wameipenda kufa, watano wameichukia mpaka wanadai hela yao, hiyo inasoma 50 na inaonekana takataka. Kwahiyo ukiona muvi ya Minecraft iko chini ya nusu, ulichoambiwa ni kimoja tu, kwamba kati ya wachambuzi wote, waliosema hapana ni wengi kidogo kuliko waliosema ndio. Hujaambiwa waliosema ndio waliipenda kiasi gani, na hujaambiwa ni wangapi walikaa pale na mtoto wa miaka 9 pembeni anawamwagia popkoni.

Metacritic, tovuti nyingine ya namna hiyo, wenyewe wanachukua maksi za wachambuzi wanapiga wastani, ila kuna magazeti na tovuti wanazozipa uzito zaidi ya nyingine na hawasemi uzito wenyewe ni kiasi gani. Na pale kuna kitu wengi hawajawahi kukiona: rangi ya kijani kwa upande wa muvi inaanzia 61, kwa upande wa gemu inaanzia 75. Yaani wenye tovuti wenyewe wanajua kwamba maksi za gemu zimepanda bei. Sababu ni ya kawaida kabisa, mchambuzi wa muvi anatumwa aangalie chochote kilichotoka wiki hiyo, awe anakipenda asikipende, lakini gemu ya masaa 40 huwezi kumpa mtu asiyeipenda aina hiyo, utamtesa, kwahiyo gemu ya magari anapewa mtu wa magari, na gemu ya mapanga na mazimwi anapewa mtu anayekesha na mapanga na mazimwi. Ile 90 uliyoiona ilikuwa inasema "watu wanaopenda vitu hivi wamefurahi sana". Sasa kama we ni mtu wa mpira na ngumi, ukaenda kununua gemu ya kusoma mazungumzo dakika ishirini ndo upewe upanga, hapo hakuna aliyekudanganya, ila hakuna aliyeongea na wewe pia.

Hilo la kukwamakwama ni kesi nyingine na hapo una haki ya kulalamika. Mfano unaofundishwa kila siku ni Cyberpunk 2077, ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, kazi ya CD Projekt Red wa Poland. Kabla haijatoka wachambuzi walipewa toleo la kompyuta peke yake, na wakaambiwa wasionyeshe vidio walizorekodi wenyewe. Kwenye kompyuta zao kubwa gemu ilikuwa inapendeza kweli, maksi zikawa zinacheza karibu na 90, watu wenye PS4 wakaziona wakatoa hela. Siku imetoka, PS4 za watu zikawa zinaganda, sura za watu zinachelewa kutokea, magari yanazama kwenye lami. Wiki moja tu baadaye Sony wakaitoa kwenye duka lao na kuanza kurudisha hela, ikakaa nje mpaka Juni 2021. Kampuni iliomba radhi, na kusema ukweli waliirekebisha, ilivyofika 2023 gemu ilikuwa imebadilika kabisa. Ila ona mtego ulivyokaa: kila aliyetoa 90 alikuwa anasema kweli kuhusu mashine yake. Kwahiyo ukisoma uchambuzi wowote swali la kwanza ni "ulichezea wapi?" na asipokujibu, fungua mwingine. Na we mwenye PS4 siku hizi jiulize hili mara mbili, gemu nyingi mpya hazitoki tena kwa PS4, na zile zinazotoka mara nyingine zimebanwa ziingie kama godoro la sita kwa sita kwenye kitanda cha futi nne.

Alafu kuna wanaosema achana na wachambuzi, wamehongwa hao, sikiliza mashabiki. Taratibu. Juni 2020 ilitoka The Last of Us Part II, gemu ambayo mtu wa kawaida anaimaliza kwa masaa 25 hivi. Siku ileile ya kwanza maelfu ya watu walikuwa wameshaipa maksi za chini kabisa Metacritic. Piga hesabu mwenyewe, hata angekuwa hajala wala hajaenda chooni angekuwa hajaimaliza. Wengine walikuwa wamekasirishwa na stori iliyovuja wiki kadhaa kabla, wengine walikuwa na ugomvi wao na wahusika. Metacritic wakaona isiwe tabu, wakaweka utaratibu kwamba gemu ikitoka mashabiki wanasubiri masaa 36 ndo waanze kupiga kura. Lakini pia usidharau makelele ya umati, maana Septemba 2021 Konami walipoua jina la PES wakaleta eFootball, ile tuliyokua nayo toka Winning Eleven, umati ulipiga kelele na ulikuwa sahihi kabisa, wachezaji walikuwa na sura za kutisha, mpira unapita kwenye miguu ya watu, na kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikawa kati ya gemu zilizopata maoni mabaya kuliko zote. Konami wakaomba radhi. Tofauti ya makelele haya na yale unaiona kwenye maneno, wa eFootball walikuwa wanasema "nikipiga pasi ya R1 mchezaji anasimama", ni kitu unachoweza kwenda kukijaribu mwenyewe. Wale wengine walikuwa wanatukana tu. Na Steam ina kitu kizuri, kila maoni yanaonyesha mtu amecheza masaa mangapi. Mi huwa nasoma ya watu wenye masaa kumi kwenda juu ambao wameipenda nusu wameichukia nusu, wale ndo wanakumbuka vitu.

Haya, sasa tuje kwenye kupima wewe mwenyewe. Muvi inakuonyesha mtu anafanya kitu, gemu inakufanyisha, hapo ndo pa kuanzia. Kila gemu ukiivua grafiksi na stori unabaki na vitenzi vichache ambavyo mkono wako utavirudia mara elfu: ruka, piga pasi, jificha, chimba, jenga, lenga. Gemu ikiwa na kitenzi kitamu hata stori ikiwa ya kitoto utarudi kesho. Kitenzi kikiwa chachu hata stori iwe ya kuliza utamalizia kuiangalia Youtube, kama ulivyofanya wewe, usibishe.

Mfano wa karibu ambao kila mtu kauona ni Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ule mwanzo kabisa. Kunakuja kiadui kidogo cha kahawia, taratibu. Hakuna maandishi ya kukuelekeza. Usiporuka kinakuua, na ukifa umepoteza sekunde tatu tu, unaanza tena, sasa unajua. Unaruka unagonga boksi lenye alama ya kuuliza, unatoka uyoga, uyoga wenyewe unakwenda zake kulia, unagonga bomba, unageuka unakujia, na wewe uko chini ya matofali hata ukitaka kuuruka ni shida, unakugusa, unakuwa mkubwa. Ndani ya nusu dakika umefundishwa kwamba adui unamruka, boksi unaligonga na uyoga ni mzuri, na hujasomeshwa hata neno moja. Sasa chukua gemu mpya yoyote, kaa nayo saa moja alafu jiulize, imenifundisha kwa kunifanyisha au kwa kunisomesha? Nikifa, najua kosa langu? Nikiweka pedi chini, kidole gumba kinataka kurudi? Hilo la mwisho ndo kubwa, na saa moja inatosha kabisa kulijua. Lisilojulikana kwa saa moja ni kama itachosha ukifika saa la kumi, hilo unawauliza wale wa masaa kumi wa Steam.

Ila kabla hujailaumu gemu hakikisha unapima gemu na sio TV. Kabla sijaanza kuandika haya mambo nilikuwa na chumba cha gemu Morogoro, PS2 nne na TV za chogo. Nikauza chogo mbili nikaleta flati, nikajua hapa wateja watanishangilia. Wiki ileile kuna fundi pikipiki mmoja, jamaa alikuwa hafungwi pale mtaani, akapigwa tano bila na dogo wa shule. Akaninyooshea pedi, "bosi pedi yako nzito hii". Nikambadilishia, akafungwa tena, "na hii nzito". Akahama na pedi yake ileile "nzito" akaenda kukaa kwenye chogo, akaanza kuwafunga watu kama kawaida. Nilichukua muda kuelewa. TV za flati zinaipokea picha, zinaipaka poda kwanza, ndo zinakuonyesha, na ile poda inachukua muda. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde kila fremu ina kama milisekunde 17 tu, TV ikichelewesha milisekunde 100 tayari umeachwa fremu sita nyuma, beki wako anateleza wakati mshambuliaji keshapita. Chogo haikuwa na mambo hayo. Ingia kwenye setingi za picha za TV yako, tafuta palipoandikwa Game, washa, alafu itoe ile CD kwenye kava uijaribu tena. Sisemi itageuka kuwa tamu, nasema ipe haki yake.

Sasa muvi za gemu, na hapa ndo napenda.

Tumekua tukiambiwa steringi hauawi. Kibanda kizima kinajua, risasi zitapita kushoto na kulia, watakufa wenzake wote, yeye atabaki na plasta kwenye shavu. Kwenye gemu ni kinyume kabisa, steringi ni wewe na unakufa mara arobaini kabla ya chakula cha usiku, na kila ukifa unarudi ukiwa umejua kitu. Ule utamu wa kulimaliza jitu lililokuua mara kumi na tisa hauko kwenye picha, uko kwenye mara kumi na tisa. Mtengeneza muvi anachukua lile jitu, anachukua mavazi, anachukua muziki, anaziweka kwenye dakika 100, alafu anashangaa mbona watu wamepoa. Kilichokuwa kitamu kilibaki kwenye pedi. Kwahiyo swali la "imefanana na gemu?" ni jepesi mno, mtoto yeyote atakwambia nguo imefanana. We uliza hivi: kile mikono yangu ilichokuwa inafanya, huyu jamaa amekibadilisha na nini?

Nikuonyeshe iliyofaulu. The Last of Us ya kwanza, gemu ya 2013, inaanza na binti anaitwa Sarah, na we ndo unamtembeza. Usiku, nyumba iko kimya, anamtafuta baba yake, unafungua mlango mmoja mmoja kwa mkono wako. Mji unawaka, wanapata ajali, mguu wa mtoto unaumia, na ghafla umekuwa baba, umembeba, na kwa kuwa mikono imembeba huwezi kupiga hata risasi moja, mwenye bunduki ni mdogo wako Tommy, we kazi yako ni kukimbia tu. Yaani gemu imekunyang'anya kitenzi makusudi. Robo saa tu na hautamsahau yule mtoto. Ilipofanywa kuwa tamthilia mwaka 2023 wasingeweza kukupa pedi, kwahiyo walikupa kitu kingine, muda. Kama nusu saa nzima unakaa na Sarah mchana wake, anaenda shule, anapeleka saa ya baba yake kutengenezwa, anakaa kwa majirani wazee, na nyuma ya mgongo wake unaanza kuona mambo hayako sawa. Ile nusu saa kwenye gemu haipo kabisa, ukipima kwa kufanana utasema wamekosea, lakini kwenye kifua maumivu yanatua palepale. Nadhani ndo uhamishaji bora niliowahi kuuona, na waliuweka dakika za mwanzo kabisa.

Iliyoteleza ni Until Dawn. Gemu ya 2015, vijana wanane kwenye nyumba mlimani, kila unachochagua kina madhara, na inajisevu yenyewe kwahiyo mtu akifa kafa, huwezi kurudi nyuma ukajifanya hujaona. Utamu wote uko hapo, kwenye kuishi na ulichokifanya. Muvi imetoka Aprili 2025, na vijana wengine kabisa, na wazo lao ni kwamba kila wakifa usiku unaanza upya. Unaona walichofanya? Waliwaza "gemu ni kufa na kurudi", ni kweli kwa gemu nyingi, ila hii ilikuwa ndo ile isiyokuruhusu kurudi. Walihamisha kitenzi cha gemu za watu wengine. Muvi yenyewe sio mbaya sana ukiwa na marafiki na karanga, lakini shabiki aliyelalamika hakuwa mkorofi, alijua kitu hata kama alishindwa kukisema.

Mario nayo inatupa somo la pande mbili. Ya mwaka 1993 ilikwenda mbali na gemu mpaka ikapotea, mji wa giza, watu waliotokana na dainosa, ikala hasara na Nintendo wakakaa karibu miaka 30 bila kuruhusu tena muvi ya Mario kwenye majumba ya sinema. Ya 2023 walishika usukani wenyewe, Miyamoto aliyemtengeneza Mario akiwa mmoja wa watayarishaji, ikafanana na gemu mpaka sauti ya kuokota sarafu, wachambuzi wakaipa alama ya kati tu, na ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Mi ukiniuliza wachambuzi walikuwa sawa kwamba stori ni nyepesi kama karatasi ya maandazi, na watoto walikuwa sawa kwamba ni tamu. Sonic je, unakumbuka? Trela ya kwanza ilitoka Aprili 2019 ana meno ya binadamu, watu wakapiga kelele dunia nzima, mwongozaji akakubali, wakamchora upya na muvi ikasogezwa kutoka Novemba mpaka Februari 2020. Huwa naitaja kwa sababu trela ni tangazo la biashara, usilitolee hukumu, ila kuna siku tangazo linakuwa kweli limebeba kosa lenyewe.

Turudi kwenye Minecraft yako. Vitenzi vya gemu ile ni viwili, chimba na jenga, hakuna stori, stori ni ya kwako. Muvi ikakupa stori, na stori yenyewe imechoka, watu wanaingia kwenye mlango wa ajabu wanatafuta kitu cha kuwarudisha kwao, umeiona mara ngapi hiyo. Wachambuzi walipima hapo na hapo hawakukosea. Ila kuna kitu kingine ambacho gemu ile inacho na karatasi ya muvi haina, watoto wanaicheza pamoja, wanapiga kelele pamoja, wana misemo yao. Aprili 2025 kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwigizaji Jack Black akisema yale maneno mawili, chicken jockey (kile kizombi kidogo kinachopanda kuku), ukumbi mzima ulikuwa unalipuka, popkoni zinaruka juu, hadi wenye kumbi wakaanza kutoa onyo. Kile ulichocheka wewe na mtoto wa dada kilikuwa ndani ya ukumbi kuliko kwenye skrini. Kwahiyo usione aibu, sema vyote viwili: stori nyepesi, jioni nzito. Ukiweza kusema hivyo na kueleza kwanini, tayari unachambua.

Na kwenye chaneli yako anza kila vidio kwa kutaja vitu vitatu bila kuulizwa: umechezea mashine gani, umecheza masaa mangapi, na nani kalipia. Kama umepewa bure sema umepewa bure. Kama hujaimaliza sema hujaimaliza, hakuna atakayekucheka, watakaokucheka ni siku ukijifanya umeimaliza alafu mtu akuulize bosi wa mwisho anaitwa nani. Maksi mi siku hizi sitoi, ila ukitaka kutoa toa, usitoe tu kabla ya sababu.

Kuhusu hela. Gemu mpya za kiwango kikubwa toka 2020 zimehamia dola 70, hapo piga kwa dola ya siku hiyo utaona ni kodi ya chumba ya watu. Ukinunua siku ya kwanza unalipa bei ya juu kabisa kwa toleo bovu kuliko yote yatakayokuja, huo ndo ukweli wenyewe, maana apdeti zote zinakuja baadaye. Ukisubiri miezi sita unapata bei nafuu na gemu iliyopona, isipokuwa za Nintendo hazishuki bei kirahisi. Ila za mtandaoni ukisubiri sana unaweza kukuta uwanja mtupu, kuna Concord ya Sony ilitoka mwisho wa Agosti 2024, ikazimwa baada ya wiki mbili tu na watu wakarudishiwa hela. Mwenye kompyuta ana raha kidogo, Steam unarudisha gemu ndani ya siku 14 kama hujazidi masaa mawili. We wa PS4 nakushauri CD kuliko kushusha, kwanza CD ukichoka unaiuza au unabadilishana, cha kushusha ukichoka umechoka nacho, na pia gemu moja kubwa inapita GB 50 kirahisi, bando lako linajua. Hata CD nyingine zinadai apdeti kubwa, muulize muuzaji kabla hujatoa hela.

Na kabla ya yote nenda kwenye chumba cha gemu chenye hiyo gemu, lipia saa moja. Hapo ndo pa kwenda ana kwa ana, hakuna mchambuzi wala mimi tutakaokwambia kidole chako kinataka nini. Kama PS yako inakwamakwama na gemu zingine za zamani pia, hilo sio la mchambuzi tena, peleka kwa fundi aifungue asafishe vumbi na acheki diski, PS4 za mtumba zina vumbi la nchi tatu.

Mtoto sasa. Hiyo gemu ya vita angalia chini ya kava, kuna namba ya PEGI, ile alama ya Ulaya ya umri wa mchezaji, nyingi za namna hiyo ni 18, na za Marekani zina herufi M. Namba ile haisemi ugumu, inasema kilichomo. Na namba ndogo sio leseni ya kulala usingizi, gemu za mpira za EA miaka mingi zimekuwa zikipewa PEGI 3 na ndani yake kuna pakiti za wachezaji za kununua kwa bahati nasibu, kitu ambacho Ubelgiji walikiita kamari mwaka 2018. Usiweke kadi wala namba ya simu ya malipo kwenye akaunti anayochezea. Akiwa mbele ya skrini akapata kuchezacheza macho, mwili kukakamaa au kupotea kidogo kama hayupo, zima, na mpelekeni hospitali, msisubiri irudie. Japani Desemba 1997 watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali usiku mmoja sababu ya taa za kumulika kwenye kipindi cha Pokémon, wengi hawakujua kabla kwamba mwanga unawadhuru. Na kama siku moja utaona gemu imekula shule, usingizi na chakula, anaambiwa aache hawezi, miezi inapita, WHO wameshaliweka hilo kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, muone daktari au mshauri pamoja na dada yako, usilimalize kwa kumnyang'anya pedi tu. Ila mtoto anayelia dakika tano sababu umezima TV ni mtoto tu, usimpeleke popote.

Mi ningekuwa wewe ningemnunulia Minecraft yenyewe. Ni PEGI 7, inacheza kwenye PS4 yako, unachomeka pedi ya pili skrini inagawanyika mnacheza wote. Muvi mmeiangalia, sasa mpe gemu, na hiyo ndo iwe vidio yako ya kwanza kwenye chaneli. Simu uielekeze kwenye mikono yake, TV iache.